Picha Safi

Kiswahili kina neno moja kwa mambo mawili ambayo kazini kwangu yanapaswa kutenganishwa. Mgonjwa akishuka kwenye kitanda cha kamera huuliza, "Imetoka safi?" Huenda anauliza kama picha inaonekana vizuri, au huenda anauliza kama mwilini mwake hamna ugonjwa. Mara nyingi anauliza yote mawili kwa pumzi moja, na ndugu yake aliyeketi kwenye benchi nje atalirudia swali hilohilo. Mimi ni mtaalamu wa picha katika kitengo cha tiba ya nyuklia. Kutamka kwamba mwili ni safi si kazi yangu, ni kazi ya daktari bingwa. Lakini kusafisha picha ni kazi yangu, na kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikijiuliza kama kazi hizo mbili ziko mbalimbali kiasi tunachofundishwa. Ukiisafisha picha kupita kiasi, unaweza kuufuta ugonjwa uliomo. Ukiinoa kupita kiasi, unaweza kuumba ugonjwa usiokuwepo.

Je, mtu anayesafisha picha ya mwili wa mwenzake anasema kweli zaidi, au anaanza kuongopa?

Kwanza ieleweke picha hiyo ni kitu gani. Kamera ya gama haipigi picha kama simu. Haitoi mwanga wowote; yenyewe inangoja. Mgonjwa huchomwa sindano ya dawa iliyobeba teknetiamu-99m, ambayo mionzi yake hupungua kwa nusu kila baada ya saa 6. Katika kipimo cha mifupa, dawa hiyo hujikusanya zaidi pale mfupa unapojijenga upya: palipovunjika, penye baridi yabisi, au palipoingiliwa na saratani. Tunasubiri saa mbili hadi tatu, mgonjwa anakunywa maji, anakwenda haja ndogo, kisha analala chini ya kamera. Miale inatoka ndani yake kwenda kila upande. Kamera hii, ambayo Hal Anger aliibuni huko Berkeley, California, mwishoni mwa miaka ya 1950, haina lenzi ya kuikusanya miale hiyo. Badala yake ina bamba la madini ya risasi lenye maelfu ya matundu membamba, na mwale unaopita ni ule tu unaokuja umenyooka sawasawa na tundu. Mingine inamezwa na risasi. Kati ya miale elfu kumi inayotoka mwilini, inayopita ni mmoja au miwili hivi. Picha nzima inajengwa kwa hiyo michache.

Uchache huo una gharama, na gharama yenyewe ina kanuni. Ukihesabu miale 100 katika nukta moja ya picha, bahati peke yake inaweza kuisogeza hesabu hiyo kwa kama 10, juu au chini, yaani asilimia 10. Ukihesabu 10,000, bahati inaisogeza kwa kama 100, yaani asilimia 1. Huo mtikisiko wa bahati ndio tunaouita kelele. Ukitaka upungue kwa nusu, unahitaji miale mara nne: dawa mara nne, au muda mara nne. Tatizo la pili ni ukungu. Matundu ya risasi yana upana wake, kwa hiyo nukta moja mwilini haitoki nukta kwenye picha. Inatoka doa lililotanda karibu sentimita moja. Na matatizo haya mawili hayatibiki pamoja kirahisi. Kelele unaiondoa kwa kulainisha, na kulainisha kunaongeza ukungu. Ukungu unauondoa kwa kunoa, na kunoa kunaongeza kelele.

Chombo cha kazi hiyo tunakiita chujio, na jina hilo linapotosha kidogo. Anayechuja tui kwa kifumbu anajua alichokipata na alichokiacha: tui liko kwenye bakuli, machicha yamebaki mkononi. Anaweza kuyatia maji na kuyakamua tena. Chujio la picha halifanyi hivyo. Linaichukua kila nukta, linaichanganya na jirani zake kwa kanuni fulani, kisha linakupa picha mpya. Machicha hayaonekani popote. Chujio tulilozoea zaidi lina jina la Stephen Butterworth, Mwingereza aliyelieleza mwaka 1930 akiwa anashughulika na saketi za umeme, si na mifupa ya watu. Lina namba mbili: moja inasema vitu vianze kufifishwa kuanzia udogo gani, nyingine inasema vififishwe ghafla au taratibu. Kwenye kompyuta namba hizo unaziongeza na kuzipunguza kwa kipanya. Ukisogeza huku, uti wa mgongo unalainika kama nta. Ukisogeza kule, unajaa vipele. Hakuna kengele inayolia ukifika mahali pa kweli.

Wanafunzi wanaokuja kwetu kwa mafunzo ya vitendo huwa na jibu la haraka: basi tusichuje, daktari apewe picha mbichi. Ni jibu la mtu mwaminifu, lakini halisimami. Picha mbichi nayo imechujwa. Bamba la risasi limekwisha kuikataa karibu miale yote. Kompyuta imekwisha kuikataa miale ambayo nishati yake iko mbali na kiloelektronivolti 140 za teknetiamu, kwa sababu huenda iligonga nyama ya mwili na kupinda njiani. Hesabu zimekwisha kusawazishwa ili kasoro za fuwele ya kamera zisionekane kama kasoro za mgonjwa. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Hata kile tunachokiita kibichi kimepita mikononi mwa watu walioamua kipi kihesabiwe na kipi kisihesabiwe.

Tena kuna swali la mtoto. Akiletwa mtoto wa miaka mitatu kupimwa figo, tunampa dawa kidogo kadiri inavyowezekana ili apate mionzi kidogo, na hawezi kutulia kitandani muda mrefu. Hesabu zake zitakuwa chache na picha yake itakuwa na kelele nyingi. Chujio zuri linasaidia picha hiyo isomeke bila kumwongezea mionzi. Anayekataa chujio kwa jina la ukweli anamtaka mtoto huyo alipie ukweli huo kwa mwili wake. Kwa hiyo kutochuja nako ni uamuzi, na kuna mtu anayeubeba.

Vitabu vinaiita kazi hii urejeshaji wa picha, na neno hilo limenisumbua kuliko neno chujio. Kurejesha ni kukirudisha kitu kilivyokuwa. Picha ya harusi ya babu ikiliwa na unyevu, fundi akaitengeneza, bibi ataitazama na kusema ndiye au siye. Kuna shahidi. Katika kazi yetu tunarejesha picha ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Watu wa nyota walipata bahati tusiyoipata. Darubini ya Hubble iliporushwa mwaka 1990 ilikutwa na kioo kilichosuguliwa vibaya, na kwa miaka mitatu wanaanga walitegemea hesabu kuurudisha mwanga uliotawanyika mahali pake. Njia moja waliyoitumia sana ilikuwa imeelezwa na Richardson mwaka 1972 na Lucy mwaka 1974. Desemba 1993 wanaanga walipanda wakairekebisha darubini, na kuanzia hapo iliwezekana kuilinganisha picha iliyorejeshwa kwa hesabu na picha iliyopigwa sawasawa. Uti wa mgongo wa mgonjwa wangu hautakuja na kioo kipya. Nikikosea kuurejesha, picha yenyewe haitanishitaki.

Basi tunajuaje tunarejesha kuelekea wapi? Norbert Wiener, mwanahisabati wa Marekani, alilijibu swali hilo wakati wa Vita Kuu ya Pili alipokuwa akitafuta namna ya kukisia mwendo wa ndege za adui. Kazi yake ilichapishwa kwa umma mwaka 1949. Alionyesha kwamba chujio bora lipo na linaweza kukokotolewa, ila kwa sharti: lazima ujue kabla kelele ina nguvu kiasi gani, na kile unachokitafuta kina nguvu kiasi gani katika kila kiwango cha udogo. Yaani lazima uje na matarajio. Watu hulisikia sharti hilo kama jambo la kiufundi, lakini mimi naliona ni la kimaadili. Chujio ni imani juu ya mwili iliyoandikwa kwa namba. Linasema, kabla mgonjwa hajalala, kwamba vitu vya ukubwa huu ni vya kuaminika na vya ukubwa ule ni vya kupuuzwa.

Hapo ndipo jibu la pili la haraka huingia: tuweke chujio moja kwa wote, mkono wa mtu usiguse, na haki itatendeka. Nimefanya kazi chini ya kanuni kama hiyo, na tatizo lake linaonekana mwishoni mwa juma. Teknetiamu tunaikamua kutoka kwenye jenereta, chombo chenye molibdenamu-99 ndani yake, na molibdenamu hiyo hupungua kwa nusu kila baada ya saa 66. Jenereta likianza kutumika Jumatatu asubuhi, Ijumaa asubuhi nguvu iliyobaki ni zaidi kidogo ya theluthi moja. Mgonjwa wa Jumatatu anapata kipimo kamili. Mgonjwa wa Ijumaa anapata pungufu na kutakiwa alale muda mrefu zaidi, au anaambiwa arudi wiki ijayo, naye ametoka mkoani kwa basi na nauli ya kurudi ameikopa. Chujio lililopangwa kwa hesabu nyingi za Jumatatu likiwekewa hesabu chache za Ijumaa, halifanyi kazi ileile. Kanuni ni moja, lakini watu wawili hao hawakutendewa sawa. Yapo machujio yanayozingatia idadi ya hesabu na kujirekebisha, na ni afadhali. Hata hivyo lazima mtu aamue yajirekebishe kuelekea wapi.

Ijumaa moja alikuja mzee wa miaka sabini na kitu mwenye saratani ya tezi dume, akiongozana na mwanawe. Mgongo ulimuuma kiasi kwamba kulala chali kwake kulikuwa adhabu.

"Shikamoo mzee," nilimwambia. "Tutakwenda haraka kadiri tuwezavyo."

"Marahaba, mwanangu. Haraka yako na mgongo wangu vipatane tu."

Tulipunguza muda wa kila pembe wakati kamera inamzunguka kiunoni. Kwa chujio lililowekwa kwenye mashine, uti wake ulionekana mtulivu kutoka juu hadi chini. Nilipolilegeza, upande wa kushoto wa pingili ya nne ya kiuno likatokea doa. Lakini yakatokea na mengine mawili kwenye mbavu, na mbavu hazikuwa zikimuuma. Daktari bingwa wetu, mama asiyependa maneno mengi, aliniambia nisimchagulie nzuri, nimwonyeshe zote. Kisha akaomba kitu ambacho wengi hawakiombi: picha mbichi za kila pembe, moja baada ya nyingine kama filamu, kabla hazijaunganishwa.

Katika filamu hiyo mwili unaonekana ukizunguka. Kelele hurukaruka, iko katika pembe hii, haipo katika inayofuata. Kidonda cha kweli husafiri. Kinakwenda na mwili kutoka upande huu hadi ule, kikififia kikiwa mbali na kamera, kikikolea kikiwa karibu. Tulitazama mara nne au tano. Yale ya mbavuni hayakufika popote. Lile la pingili lilisafiri, hafifu, lakini lilisafiri. Aliandika kwenye ripoti kwamba lipo, kwamba uhakika ni mdogo kwa sababu hesabu zilikuwa chache, na kwamba eneo hilo lipigwe CT skani. Sitasema CT ilionyesha nini. Uamuzi wa siku ile ulikuwa wa haki au haukuwa wa haki kwa kile tulichokuwa nacho mkononi siku ile. Kilichokuja baadaye hakiwezi kuugeuza.

Kilichonifikirisha zaidi ni yale ambayo kila kosa lingemgharimu mzee. Tungelipuuza doa la kweli, pingili ingeweza kuvunjika, uti wa mgongo ungebanwa, na miguu yake ingepooza. Tungelitangaza doa la uongo, familia ingetafuta fedha za kipimo kingine na kukaa wiki kadhaa na hofu ambayo haikuwa na sababu. Makosa haya hayalingani kwa uzito, na uzito wake haufanani kwa kila mtu.

Hapa namkumbuka Charles Metz, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Chicago. Lipo chujio la urejeshaji lenye jina lake, lililotokana na tasnifu yake ya mwaka 1969. Lakini jambo lililompa heshima kubwa zaidi katika fani yetu lilikuwa jingine. Mwaka 1978 alichapisha makala iliyowafundisha watu wa picha kuutumia mkunjo wa ROC, ambao asili yake ni kazi ya kuzitambua ishara za rada. Mkunjo huo hauulizi picha inapendeza kiasi gani. Unauliza: msomaji akiitumia, anawapata wagonjwa wangapi wa kweli, na kwa kuwapata hao anawatisha wazima wangapi? Na unaonyesha kwamba, kwa msomaji yuleyule na picha ileile, huwezi kupunguza kosa la kwanza bila kuongeza la pili. Fizikia inaweza kukuchorea mkunjo huo. Usimame wapi juu yake, haiwezi kukuambia. Unasimama kwa kupima maumivu ya nani ni mazito zaidi, na huo ni uamuzi wa maadili hata ukifanywa na kijana anayebofya kipanya saa kumi jioni huku akiwaza daladala.

Siku hizi yamekuja machujio yaliyofundishwa kwa picha za maelfu ya wagonjwa. Nimeona kazi yake na inashangaza. Picha ya dakika chache inatoka kama ya nusu saa. Sina ugomvi nayo kwa jumla, kwa sababu ileile ya mtoto wa figo. Ila chujio la Butterworth halijui mfupa ni nini. Hili jipya linajua, au tuseme limezoea, jinsi mifupa inavyoonekana kwa kawaida, na penye hesabu chache linajazia kwa mazoea hayo. Mgonjwa wa kawaida atanufaika. Anayeweza kuumizwa ni yule asiye wa kawaida, ambaye mwili wake haufanani na iliyokuwemo kwenye mafunzo, na ambaye pengine ndiye aliyekuwa na sababu kubwa kuliko wote ya kuletwa kwetu. Vilevile, likikosea linakosea kwa ufasaha. Picha yenye kelele humwonya msomaji kwamba haina uhakika. Picha iliyojaziwa vizuri haionyi.

Kwa hiyo sikubali kwamba kuchuja ni kuongopa, wala kwamba ni usafi mtupu. Ni ushahidi. Shahidi hatakiwi kuwa hana macho yake mwenyewe. Anatakiwa aseme alisimama wapi, aliona nini, na wapi hakuona. Kwa kazi yangu maana yake ni mambo machache yasiyo na fahari. Chujio lichaguliwe kabla ya kuona picha inaelekea upande gani, na likibadilishwa, iandikwe kwamba limebadilishwa na kwa nini. Ripoti itaje hesabu zilipokuwa chache. Na machicha yatazamwe. Kompyuta inaweza kuitoa picha iliyochujwa kutoka kwenye ile ya mwanzo na kuonyesha kilichobaki, yaani kile tulichokitupa. Kikiwa ni chengachenga zisizo na umbo, chujio limefanya kazi yake. Ukiona humo mstari wa ubavu au kivuli cha pingili, ujue umemtupa mgonjwa pamoja na kelele.

Haya hayahitaji mashine mpya, ila yanahitaji nafasi ya kuhifadhi, na nafasi ndiyo inayogombaniwa. Diski zetu hujaa. Zikijaa, mtu wa kompyuta huja na swali la haki kabisa: tufute nini? Picha zilizochujwa zimo kwenye ripoti na madaktari wanazipenda. Data ya pembe kwa pembe hakuna anayeifungua, kwa hiyo ndiyo inayopendekezwa ifutwe kwanza. Kila mara nimeomba iwe ya mwisho, na nimekuwa nikionekana msumbufu. Lakini mzee yule akirudi baada ya miaka miwili, daktari atakayekuwepo, pengine akiwa na chujio bora kuliko letu, ataweza kuiuliza upya mifupa ya Ijumaa ile. Tukimwachia picha iliyosafishwa peke yake, hataweza kuiuliza mifupa. Ataweza tu kujua sisi tulipendelea kuona nini.